Nilivyoisoma baiolojia ya mwaka wa kwanza kupitia selimundu

Kozi ya utangulizi ya baiolojia inabeba mambo mengi kwa muhula mmoja: kemia ya uhai, seli, utando, nishati, urithi, DNA, mageuko. Kila wiki sura mpya, madesa, yaani maandishi ya masomo, yanaongezeka, na jioni ukifika kwenye vimbweta, viti vya nje tunakosomea, unakuta kila mtu anakariri orodha yake kwa sauti. Mimi kukariri kitu nisichokiona kunanishinda. Nikaamua kuchagua jambo moja ninalolijua na kulipitisha katika kila sura. Nilichagua selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa sababu mdogo wangu anayo, na kwetu Mwanza ni ugonjwa ambao karibu kila mtaa unaujua.

Sura ya protini ndiyo iliyonishawishi kwamba njia hii inafaa. Hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye seli nyekundu za damu, ina minyororo minne ya asidi amino. Mnyororo wa beta una asidi amino 146, na katika selimundu iliyobadilika ni moja tu: nafasi ya sita, mahali pa asidi ya glutamiki, inakaa valini. Ya kwanza ina chaji na inapatana na maji, valini inayakwepa. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, ile sehemu yenye valini inanasa kwenye molekuli ya jirani, nayo kwenye nyingine, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu zinazoipinda seli nzima. Seli nyekundu yenye afya ina upana wa takriban mikromita 7 au 8, na hujikunja ikapenya mshipa mwembamba kuliko yenyewe. Iliyopinda ni ngumu, inakwama, damu inaziba, na mtoto analia mifupa. Kila desa lilisema umbo la protini ndilo linaloamua kazi yake. Mimi nililiona kwa mdogo wangu.

Kisha ikaja maabara ya osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli. Tulibandua ngozi ya zambarau ya kitunguu chekundu, tukailaza kwenye kioo, tukadondoshea maji ya chumvi upande mmoja huku karatasi ikinyonya upande wa pili. Chini ya hadubini ile rangi ya zambarau, iliyokuwa imejaa seli nzima, ikaanza kuachana na ukuta, kwanza kwenye kona, halafu ikajikusanya katikati. Tulipoweka maji safi, seli nyingi zikajaa tena. Nikawaza seli nyekundu ya mdogo wangu: ikipoteza maji, hemoglobini inasongamana ndani yake na kushikana upesi zaidi. Jioni nikampigia Mama.

"Mama, unajua kwa nini kliniki wanasisitiza anywe maji mengi?"

"Wanasema tu anywe, mwanangu. Sababu hawajanipa."

Nikamweleza, na kuanzia siku hiyo chupa ya maji ikaingia kwenye begi la shule.

Sura ya urithi ilinigusa zaidi kuliko zote. Kwa miaka mingi ndugu wa upande wa baba walisema ugonjwa umetoka ukoo wa mama, na Mama alinyamaza. Sasa nilikuwa na kitu cha kuwaambia. Nilipokwenda likizo nilichukua vikombe viwili, kila kimoja nikaweka punje moja ya maharage mekundu na moja meupe: nyekundu ni jeni ya selimundu, nyeupe ni ya kawaida. Kikombe cha baba, kikombe cha mama. Nikamwomba Shangazi afumbe macho, achukue moja kutoka kila kikombe, arudishe, achukue tena. Nyekundu mbili zilipotoka akaangalia vikombe vyote viwili.

"Kwa hiyo kaka yangu naye alitoa?"

"Alitoa, Shangazi. Lazima watoe wote wawili. Uwezekano ni mmoja kati ya wanne, na kila mimba inaanza upya."

Alimwomba Mama radhi palepale. Hilo kwangu ni kubwa kuliko maksi zozote.

DNA ilikuwa nyepesi baada ya hapo: kwenye maandishi ya jeni hiyo GAG imekuwa GTG, herufi moja tu iliyobadilika kwenye kromosomu ya 11. Mageuko nayo yakajileta. Anthony Allison, daktari na mtafiti aliyekulia Kenya, aliona kwamba wenye jeni moja ya selimundu ni wengi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, kwenye malaria nyingi, na ni wachache sana nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba jeni moja inamkinga mtu na malaria kali. Ndiyo maana imebaki kwetu.

Usanisinuru haukuingia kwenye mpango huu. Hapo nilitumia mahindi ya shambani kwetu. Mwenzangu wa chumbani alichagua kisukari cha babu yake, na tulikuwa tunafundishana: yeye ananieleza insulini inavyoipa seli taarifa ipokee sukari, mimi namweleza hemoglobini. UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ilipoleta swali la jeni, protini na sifa za kiumbe, sote tuliandika bila kusita.

Muhula huu tumeanza biokemia. Nimeshachagua upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, ambao nao umeenea zaidi palipo na historia ya malaria.