Gogo la Mabira

Jamani, wenzangu jana walikwenda msitu wa Mabira kutafuta kima, mimi nikanasa kwenye gogo lililooza. Nililichokonoa kwa kijiti, laini kama mkate uliolowa chai, ndani jeupe. Hiyo ni kazi ya kuvu. Uyoga unaouona juu ni tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizopenya ndani ya mti, zikitoa vimeng'enya vya kuvunja lignini, kitu kigumu ambacho viumbe wachache sana wanakiweza. Chini yake jongoo wanatafuna majani, bakteria wanamalizia, naitrojeni na fosforasi zinarudi udongoni na mizizi inazidaka upesi.

Lakini kwangu mabingwa ni mchwa wa vichuguu. Hao ni wakulima kabisa! Wanabeba majani makavu na vijiti, wanavila, kisha kwa kinyesi chao wanajenga bustani ya kuvu chini ya ardhi, na kuvu ndiyo inayowalainishia chakula. Mvua ikishika, bustani hizohizo zinatutolea uyoga. Ukipikwa kwa mchuzi wa karanga na matoke pembeni, nyama mtakula ninyi. Njiani kurudi Kampala niliuulizia sokoni Mukono, nikaambiwa bado.