Kabla ya Mchezo wa Kumi

Katika NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, kijana wa miaka 18 anaweza kucheza michezo tisa na mkataba wake ukabaki kama haujaguswa. Ule mkataba wa kwanza ni wa miaka mitatu. Akirudishwa ligi ya vijana baada ya mchezo wa tisa, mwaka wa kwanza unasogezwa mbele. Akikanyaga barafu kwenye mchezo wa kumi, mwaka umeliwa. Ndiyo maana mchezo wa tisa ukiisha, milango ya ofisi hufungwa na watu huanza kubishana.

Nilikuwa ndani ya chumba kimoja cha namna hiyo mapema Novemba 2016. Klabu siitaji, na kijana mwenyewe simtaji pia, maana hakuniomba nimwandike. Kazi yangu ilikuwa video: kukata vipande vya mchezo, kuvipanga zamu kwa zamu (zamu ni ule muda mfupi mchezaji anaokaa barafuni kabla ya kupumzishwa), na kutafuta yale ambayo karatasi ya matokeo haiyaandiki. Sikuwa skauti, msaka vipaji wa klabu. Kuteleza kwenye barafu nilijifunza ukubwani, na hadi leo nikivaa vile viatu nauendea ukuta kwanza. Ila mtu anayerudia zamu moja usiku kucha huona mambo yanayompita aliyekaa jukwaani na kikombe chake cha kahawa.

Kijana alikuwa winga, tumemchagua mwezi Juni, raundi ya kwanza ya ule uchaguzi wa kila mwaka ambako klabu hugawana vijana kwa zamu. Kule OHL, ligi ya vijana ya Ontario, alikuwa akifunga magoli anavyotaka. Paki, kile kisahani cheusi cha mpira, ilikuwa ikimganda kwenye gongo hata akiwa amebanwa na watu wawili. Mambo hayo hayakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa mmoja tu: abaki au arudi?

Kungekuwa na njia ya katikati, tusingegombana. AHL ipo, ligi iliyo chini ya NHL, ambako angecheza na watu wazima bila kumulikwa na kamera za nchi nzima. Lakini makubaliano ya wakati ule kati ya NHL na ligi za vijana za Kanada yalikuwa yanasema kwamba mchezaji aliyetoka kule na hajafika miaka 20, kwa kawaida, ama acheze NHL ama arudishwe alikotoka. Kanuni hiyo ilizilinda klabu za vijana, nami sizilaumu, tikiti zao zinauzwa kwa majina ya vijana hao. Ila ilinikera, na kila nikiikumbuka inanikera upya.

Na msimu wenyewe ulikuwa mbaya kwa mtu anayetaka kusema subirini. Tarehe 12 Oktoba, Auston Matthews alikuwa amecheza mchezo wake wa kwanza kwa Toronto dhidi ya Ottawa akafunga magoli manne. Manne! Patrik Laine naye alikuwa Winnipeg akipiga mashuti ambayo golikipa anayasikia kabla hajayaona. Wote wawili walichaguliwa mwezi ule ule wa Juni na kijana wetu. Kila klabu ikaanza kumtazama mtoto wake na kujiuliza anangoja nini. Jambo ambalo watu walilisahau haraka ni kwamba Matthews alikuwa ametoka kucheza msimu mmoja Zürich, kwenye ligi kuu ya Uswisi, na Laine alikuwa Tappara ya Finlandi. Walikuwa wameshapigwa na watu wenye ndevu. Wa kwetu alikuwa amepigwa na vijana wenzake.

Kikao kilianza na ukuta.

Ukitaka kumpima winga mchanga, usimtazame akiwa mbele ya goli la adui. Huko karibu wote wanapendeza. Mtazame kwenye eneo lake mwenyewe, ukutani, pale kwenye ubao wenye kioo juu unaouzunguka uwanja. Beki wake anaizungusha paki kando ya ukuta, inamjia kwa kasi, naye ameupa uwanja mgongo, uso kwenye kioo. Beki wa upande wa pili ameshaacha mstari wa buluu, mpaka wa eneo hilo, anashuka kumfuata. Uwanja wa NHL ni futi 200 kwa 85, na hata vijana kule Kanada wamezoea viwanja vya kiasi hicho. Kinachopungua si nafasi, ni muda. Kule alikuwa na sekunde mbili za kuituliza paki na kuinua kichwa. Huku asipotazama nyuma kabla paki haijafika, amekwisha.

Kocha msaidizi aliomba kipande cha mchezo wa tatu. Nikakiweka. Kijana yuko ukutani, kidevu chini, anaisimamisha paki kwa kiatu na kuitafuta kwa macho kati ya miguu yake. Gongo lake liko upande usiofaa. Anagongwa na mtu wa kilo mia na ushee, kofia inalia kwenye kioo, paki inabaki pale pale alipoiacha, na kabla hajainuka goli limeshaingia. Kisha akaomba kipande cha mchezo wa nane. Mahali pale pale, paki ile ile inazunguka. Safari hii kidevu kinagusa bega mara mbili: anatazama, anarudisha macho kwenye paki, anatazama tena. Hata haipokei. Anaidokoa ipande kioo, inapita mstari wa buluu, hatari imekwisha, yeye anakwenda benchi kupumzika.

"Huyo sasa ni mtu mzima," kocha msaidizi akasema, akasimamisha picha. Vichwa vikaitikia mezani.

Na alikuwa na haki. Kujifunza vile ndani ya wiki chache si jambo dogo. Wapo wanaochezea ligi hii miaka mitano na bado wanapokea paki wakiwa wameinama. Lakini nilikuwa nimekata vipande vingine ambavyo hakuna aliyeviomba, nikaomba ruhusa ya kuvionyesha. Meneja mkuu akatazama saa yake, akasema haya.

Vilikuwa vya kuingia eneo la adui. Michezo miwili ya kwanza kijana anaipokea paki katikati ya uwanja na kumwendea beki moja kwa moja, anashusha bega kama anayepita nje, anakata ndani. Mara anapita, mara ananyang'anywa, na akinyang'anywa tunakimbizwa hadi golini kwetu. Kuanzia katikati ya ile michezo tisa jambo hilo linapotea. Akifika mstari mwekundu wa katikati ya uwanja anaitupa paki ndani kabisa na kukimbilia kubadilishana zamu. Anafanya hivyo hata pale ambapo beki yuko peke yake na amerudi nyuma kumpa nafasi yote anayoitaka. Nilisimamisha picha hapo: barafu tupu mbele yake, na gongo limeshainuka kuitupa paki.

"Anacheza ninavyomwambia," kocha mkuu akasema. "Nimemwambia arahisishe."

"Ndiyo, Kocha. Na amerahisisha mpaka hayumo."

Pakawa kimya kidogo. Kwa cheo changu ilikuwa sentensi ndefu. Lakini nilikuwa na hakika na ninachokisema, na bado ninayo: makosa yalikuwa yamepungua kwa sababu kijana aligundua kwamba asiyekaa na paki hakosei. Tulimchagua kwa ile mikono, na ilikuwa imeanza kuogopa kazi yake. Kocha aliona utulivu. Mimi niliona mchezaji wa raundi ya kwanza akijigeuza kuwa mchezaji ambaye kila klabu inaye na kila klabu inaweza kumpata Jumatatu kwa simu moja.

Kocha hakukubali, na hoja yake haikuwa ya ovyo. Alimtaja Joe Thornton, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 1997. Msimu wake wa kwanza Boston alicheza michezo 55 akafunga magoli matatu. Hakurudishwa, alikaa, alikula benchi lake, na mwaka 2006 akachukua tuzo ya Hart, ya mchezaji bora wa ligi. "Hakufa," kocha akasema.

Hapo ndipo aliyekuwa mkuu wa maskauti alipofungua mdomo. Sote tulimwita Mzee, na hata meneja mkuu hakumkatiza. Yeye akamtaja Leon Draisaitl. Edmonton walimchagua wa tatu mwaka 2014, wakambakisha, wakamchezesha michezo 37, magoli mawili, kisha Januari wakamrudisha WHL, ligi ya vijana ya upande wa magharibi. Akaenda klabu ya Kelowna. Msimu ule ule akatajwa mchezaji bora wa Memorial Cup, kombe la ligi za vijana za Kanada, ingawa timu yake ilipoteza fainali. Alipopanda tena alipata pointi 51 katika michezo 72. "Walichelewa kumrudisha, mwaka wa mkataba wakauchoma bure," Mzee akasema, "lakini kurudi kulimfaa." (Hart ya Draisaitl ilikuja 2020. Siku ile hakuna aliyeiota.)

Kisha Mzee akauliza swali ambalo ningependa kuwa nimeliuliza mimi. "Akibaki, ifikapo Machi atakuwa amesahau nini?"

Mtu wa mazoezi ya mwili akaongezea yake. Kipindi cha tatu miguu ya kijana ilikuwa inafupika, ule msukumo mrefu wa kuteleza unakatika nusu, na kusimama kwake kunakuwa kwa wima. OHL ilikuwa michezo 68 kwa msimu, NHL 82, na huku usiku mmoja unalala mji huu, usiku wa pili unacheza mji mwingine. Kwetu alikuwa anacheza kwenye safu ya nne, ya mwisho, dakika nane, tisa hivi. Kule angecheza zaidi ya ishirini, pamoja na zile dakika za adui kupungukiwa na mtu. Hizo ndizo dakika za kujaribu mambo.

Pesa zilitajwa mwisho, na kwa haraka, kama zinavyotajwa na watu ambao wamezifikiria tangu asubuhi. Kikomo cha mishahara ya timu nzima msimu ule kilikuwa dola milioni 73. Kijana wa mkataba wa kwanza mshahara wake haukuruhusiwa kuzidi dola 925,000. Mshambuliaji wa bei hiyo akiwa na miaka 21 na anafunga ni mali kubwa. Akiwa na miaka 18 na anatupa paki ndani, umeila mali yako mapema. Simlaumu meneja mkuu kwa hesabu hiyo, maana hayo ndiyo mambo aliyoajiriwa kuyafikiria.

Akatuzungukia mmoja mmoja: abaki, arudi? Sauti ziligawanyika. Nilisema arudi. Meneja mkuu alikaa akigongagonga kalamu, akasema, "Anarudi. Nitamwambia mwenyewe."

Kesho yake kijana alinijia chumba cha video, begi begani, macho mekundu lakini amejikaza. Kocha msaidizi alikuwa ameniagiza nimwekee vipande vya makosa yake aende navyo.

"Ni ile ya ukutani, siyo?" akaniuliza. "Ya mchezo wa tatu."

Nikamwambia hapana, ile alishaisahihisha. Nikamwekea mchezo wa pili kwenye skrini: anashusha bega, anakata ndani, beki analinyoosha gongo na kumpora.

"Lakini hapa nilipoteza."

"Nimeona. Ndiyo ya kwanza kwenye orodha yako. Nenda ukaifanye tena."

Alinitazama kama anayedhani anafanyiwa mzaha. Vya makosa nilivitia pia, agizo ni agizo, lakini nilivipanga nyuma.

Kabla ya mwezi ule kwisha, kocha wa timu yake ya vijana alimpigia Mzee simu. Mzee alikuwa na tabia ya kuweka sauti ya nje ili sote tusikie, sijui kama ilikuwa ni halali. Yule kocha alikuwa amekasirika. Mmemrudisha kijana ameharibika, alisema, anataka kumpita kila mtu, jana amenyang'anywa paki katikati ya uwanja hadi nimeacha kuhesabu, na mara moja kati ya hizo wamekwenda kutufunga.

"Na ukutani?" Mzee akauliza. "Anatazama nyuma kabla paki haijafika?"

"Hilo ndiyo. Kila mara."

"Basi mwache apoteze," Mzee akasema. "Tutamchukua Septemba."