Roboti za kufagia na vumbi la Dodoma, nimejaribu mbili

Wenzangu wa Dodoma mnajua shughuli yake, mwezi wa sita upepo ukianza unafagia asubuhi, saa nane mchana ukitembea peku marumaru zinakwaruza kama hujagusa kitu. Huku Ilazo barabara yetu haina lami halafu mwanangu wa pili ana pumu, ufagio ukipita tu anaanza kukohoa, ndo nikaingia kwenye mambo ya roboti.

Ya kwanza ilikuwa ya bei rahisi isiyo na ramani, inagonga ukuta inageuka inaenda kwingine, hata Roomba, zile roboti za kufagia za Kimarekani, za mwanzo za 2002 zilikuwa za kubahatisha hivyo hivyo. Itarudia chini ya meza mara tano, mlangoni pale vumbi linapoingilia haijafika na chaji imeisha. Ya pili ina laida, kile kikofia cha juu kinapiga leza kupima umbali, inachora ramani ya nyumba kwenye simu kisha inakwenda mistari mistari kama trekta shambani, hata gizani inafanya kazi. Kama hela inaruhusu chukua yenye laida, hapo sina mjadala.

Wauzaji watakuimbia Pa (paskali), kipimo cha nguvu ya kuvuta, elfu nane sijui elfu kumi. Kwa marumaru 2,000 mpaka 2,500 inatosha kabisa, zaidi ya hapo ni ya makapeti mazito. Shida yetu sisi ni filta. Vumbi la huku ni laini kama unga wa uwele, siku mbili tu filta imeziba na mvuto unashuka hata mashine iwe ya Pa ngapi, kwahiyo naikung'uta nje kila siku, na kama ni ya kuoshwa naiosha naiacha siku nzima ikauke maana ukiirudisha na unyevu vumbi linakuwa tope humo ndani. Nunua na za akiba palepale.

Mopu yake, ile sehemu ya kupiga deki, usiiwashe mpaka imeshafagia kavu kwanza, la sivyo ni michirizi myekundu sebule nzima. Anayeagiza Marekani asome chaja kwanza kama inakubali umeme wetu, wao umeme wao ni volti 120, wetu 230.

Naiwasha saa moja jioni upepo ukishatulia, mkeka wa mama nimeuviringisha maana brashi ilishanyofoa ukindu wa pembeni, na mtoto anapanda kwenye kochi anaifuata kwa macho. Dawa zake anaendelea nazo, ila muda wa kufagia hakohoi tena.