Mguu wa Kulia

Najua mwalimu wangu alinifundisha mengi. Lakini nikifumba macho sasa hivi, sauti yake inayonijia ni moja tu: "Mguu wa kulia. Mguu wa kulia, Mpwani. Mguu!"

Ndege ndogo ya injini moja ina ukaidi wake. Ukiipa nguvu zote, pua inakimbilia kushoto. Rafadha, lile pangaboi la puani, inazunguka kwa mwendo wa saa ukiitazama kutoka kiti cha rubani, na upepo inaousukuma nyuma unaviringika, unalizunguka tumbo la ndege, kisha unaupiga mkia kofi ubavu wa kushoto. Mkia unakwenda kulia, pua inakwenda kushoto. Ukiinua pua ili upande, inazidi, kwa sababu sasa upande wa kulia wa rafadha unakata hewa kwa nguvu kuliko wa kushoto. Dawa ni kukanyaga pedali ya kulia, si kwa hasira, kiasi tu, na kuendelea kuikanyaga. Nilielewa haya yote ubaoni siku ya kwanza. Mguu wangu ulichukua mwaka kuelewa.

Mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi, na nilipomhadithia kwa simu alicheka mpaka akakohoa. "Hicho unachoshika kwa mikono unakiita usukani?" Nikasema naam, mjomba. "Si usukani hicho. Usukani hukaa nyuma." Na ni kweli. Sisi tulioingia mjini tumezoea kuita usukani kile cha gari, lakini neno ni la chombo, na kwenye chombo usukani uko tezi, majini. Ndege ni vivyo hivyo. Ule wa mikono unalaza mbawa na kuinua pua. Usukani wenyewe, ubao unaochezacheza, uko mkiani, na unaushika kwa miguu. Mwalimu alikuwa hajaniwekea hivyo. Baada ya maneno ya mjomba nikaanza kuutafuta mkia kwa nyayo zangu. Nikaacha raba zenye soli nene, nikanunua viatu vya kitambaa vya bei ya chini kabisa sokoni, soli nyembamba kama chapati ya kusukuma.

Ilikuwa Wilson, Nairobi. Uwanja umechukua jina la Florence Kerr Wilson, mjane aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929, na mpaka leo ndio uwanja wa ndege ndogo wenye pilikapilika kuliko wote ninaoujua. Shule yetu ilikuwa banda moja, kontena lililogeuzwa ofisi, na ndege tatu ambazo sikuwahi kuziona zote nzima siku moja. Moja ilikuwa daima imevuliwa kifuniko cha injini, fundi amejiinamia ndani kama anatafuta hereni iliyoanguka. Niliyoipenda ni Cessna 172 ya mwaka 1976, injini ya nguvu za farasi 150, imenizidi umri kwa mbali. Mwalimu aliiita Bibi. Ukiifungua mlango ulisikia harufu ya mafuta, jasho na viti vya rekzini vilivyochomwa na jua.

Asubuhi nilishuka matatu ya Rongai kwenye barabara ya Langata, nikatembea na begi langu dogo, nikafika kusubiri. Kusubiri ndiko kulikonila zaidi. Unasubiri wingu la Nairobi liinuke. Unasubiri mwanafunzi aliye na Bibi arudi. Unasubiri lori la mafuta. Halafu unachota mafuta kidogo kutoka kila tangi kwenye kikombe cha plastiki, unayainua kwenye mwanga uone kama yana maji (avgasi ina rangi ya samawati, maji hukaa chini yake kama jicho), unayazunguka mabawa, unagusa kila kitu, unawasha injini, na hapo ndipo uchungu unapoanza. Saa ya malipo inahesabu injini inapozunguka, si magurudumu yanapoacha ardhi. Asubuhi Wilson ni foleni: ndege za Caravan za watalii wa Maasai Mara, ndege za Dash 8, ndege za miraa zilizochelewa na zenye haraka. Wewe umekaa nyuma yao, injini inakoroma, na kila dakika ni pesa yako. Saa moja ya ndege ilikuwa karibu robo ya mshahara wangu wa mwezi. Nilifanya kazi ofisi ya uwakala wa forodha, Industrial Area, na nilishajifunza kugawa kila kitu kwa saa za ndege. Sofa hii ni saa mbili. Harusi ya Mwanaisha, kwa sare na michango, saa moja na nusu. Samahani Mwanaisha, sikuja.

Wenzangu walikuwa wachache, tukajuana hata kikohozi. Kulikuwa na daktari wa meno aliyekuja na gari zuri na mikono inayotetemeka. Kulikuwa na kijana ambaye babake aliuza ekari mbili Eldoret ili mtoto awe rubani, na kijana yule alikula chakula cha mchana siku za Ijumaa tu. Alikuwa bora kuliko sisi sote. Alitua kama mtu anayeweka yai mezani. Pesa zake zikaisha kwenye saa ya ishirini na saba, na leseni ya kwanza, ile ya binafsi, haiji kabla ya saa arobaini. Leo anauza spika na chaja barabara ya Luthuli. Nilipita dukani kwake mwaka jana. Akanitajia orodha yote ya ukaguzi kabla ya kuruka, neno kwa neno, huku akimpimia mteja waya.

Redio ilinitesa kwa namna yake. Angani tunaongea Kiingereza, na si Kiingereza cha mtu na mtu, ni cha mafungu yaliyopangwa. Mnara ukikupa agizo unalirudia kama ulivyolisikia, pamoja na jina la ndege yako, ili wajue sikio lako limeshika. Siku ya kwanza niliyoachiwa redio, mnara ukaniambia nisubiri kabla ya njia ya kurukia. Nikabonyeza kitufe, nikajibu, "Naam." Kimya. Kisha sauti ya mnara, taratibu sana, ikarudia agizo lote. Mwalimu alikuwa amegeukia dirishani, mabega yanaruka. Wiki nzima banda zima likawa linaniitikia naam.

Yeye alinifundisha kwa Kiingereza, kilichonyooka, cha mtu aliyesomea urubani zamani. Kiswahili alikiweka kwa hatari. Nilianza kugundua hivyo kabla hata yeye mwenyewe hajagundua. Akisema jambo kwa Kiingereza, nina muda. Akisema "achia!" basi mikono inaachia kabla ya kichwa kusikia. Mara moja tu alisema "Yawa!" na hiyo si Kiswahili wala Kiingereza, ni Kijaluo, ilikuwa siku korongo mmoja wa wale wakubwa wenye upara, wanaokaa juu ya migunga karibu na uwanja wa mpira wa Nyayo, alipotukata mbele tukiwa tunakaribia kutua. Akapita juu ya bawa la kushoto, ametulia, kama mzee anayevuka barabara.

Mazoezi tulifanya kusini, ng'ambo ya mbuga. Ndiyo, unapaa na twiga wako chini yako. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikiwatazama, baadaye nilitazama mishale. Huko ndiko mwalimu alikokuwa akivuta kishikio cheusi cha nguvu mpaka nyuma na kuniuliza kwa upole, "Injini imekufa. Utatua wapi?" Unaishusha pua, unatafuta kiwanja kirefu, unaangalia moshi uujue upepo. Mwalimu aliniambia kwamba alipokuwa kijana jibu lilikuwa rahisi: popote. Sasa ukitazama Kitengela kutoka juu unaona ploti za hamsini kwa mia, zimezungushwa waya, kila moja na mabati yake na choo chake kimoja katikati. Nilichagua kiwanja kizuri cha kijani. Tuliposhuka kidogo tukaona ni paa la nailoni la nyanya za mtu. "Umemlia mtu nyanya zake," akasema, akarudisha nguvu. "Mguu wa kulia."

Nilizaliwa Mombasa, kwenye hewa nzito ambayo ukiitia mkono unaweza kuikamua. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Mchana wa Februari, joto likifika nyuzi 28, hewa inakuwa nyepesi hivi kwamba ndege inajiona iko zaidi ya futi 8,000. Injini inavuta pumzi haipati. Karibu robo ya farasi wale 150 hawapo, rafadha haina cha kuuma, bawa halina cha kulalia. Kabla ya kuruka unavuta nyuma kidogo kishikio chekundu, cha mchanganyiko, kwa sababu mafuta ni mengi kuliko hewa na injini inapaliwa. Kisha unakwenda, unakwenda, mita 1,500 za lami zinakwisha polepole, mshale wa kasi unafika 55, unainua pua, na Bibi anapanda kwa kusonya. Mimi nilidhani ndege ndivyo zilivyo. Sikuwa nimeruka nyingine.

Niliruka peke yangu Julai, baada ya saa ishirini na tatu na miezi kumi na sita. Daktari wa meno alikuwa ameshaniacha nyuma zamani. Tulikuwa tumetua mara tatu, mwalimu akaniambia nisimame pembeni, akafungua mlango, akashuka. "Usiniulie Bibi." Mlango ukafungwa. Kiti chake kilikuwa na alama ya makalio yake bado. Nakumbuka mambo mawili. La kwanza, bila uzito wake ndege iliruka upesi mpaka nikashtuka. La pili, kulikuwa na mtu ndani anapiga kelele "mguu wa kulia, mguu wa kulia!" na nilikuwa nimeshavuka paa za Kibera nilipotambua ni mimi. Niliporudi walinimwagia ndoo mbili za maji, Nairobi ya Julai. Nikaumwa kifua siku nne. Mamangu alipopata habari aliuliza jambo moja: maji yalikuwa ya nini?

Safari ya Mombasa ilikuja Januari, mimi na mwalimu, saa yangu ya thelathini na mbili. Tuliondoka saa moja asubuhi. Barabara na reli ziko chini yako muda mwingi, huwezi kupotea isipokuwa kwa bidii: Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi. Kilimanjaro ulikuwa kulia kwetu, mtupu, hauna hata kilemba. Mwalimu alikuwa amelala, au amejifanya. Karibu na Mariakani tulianza kushuka, na kila baada ya futi elfu nilisukuma kishikio chekundu mbele kidogo, hewa ikinenepa. Dirisha dogo lilikuwa wazi. Ikaingia harufu. Siwezi kuieleza kwa mtu wa bara. Ni chumvi, ni tope la mikoko, ni kitu kinachochomwa mahali. Nilitua njia ya 03, inayotazama kaskazini-mashariki, na sikuhitaji kuuliza kwa nini. Kaskazi ilikuwa inavuma. Waliojenga njia ile wameilaza kwenye kaskazi na kusi kama mjomba anavyolilaza jahazi.

Mama na mjomba walikuwa nje ya lango, na mkoba wa mahamri. Hawakuruhusiwa kuingia kuiona ndege, basi nikawaonyesha picha kwenye simu. Mama alitazama akasema mbona ndogo. Mjomba aliichukua simu, akaivuta picha kwa vidole viwili, akapita mabawa, akapita jina langu la kujivunia lililobandikwa kwa karatasi mlangoni, akafika mkiani akasimama hapo. Akaitazama muda mrefu. "Ubao wake mdogo," akasema.

Tuliondoka saa nane mchana. Kishikio chekundu mpaka mwisho, mara ya kwanza maishani mwangu kuruka hivyo. Nikasukuma na kile cheusi. Bibi alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, kiti kikanipiga mgongoni, na pua, baada ya saa thelathini na nne na ile pesa yote, ikakimbilia kushoto kama siku ya kwanza. Farasi waliokuwa wamepotea Nairobi walikuwa wamerudi wote, na wote walikuwa wakivuta upande mmoja.

"Mguu," alisema mwalimu. Kwa Kiswahili, lakini bila kupaza sauti, huku anatafuna hamri.

Nikakanyaga. Kukanyaga kwa Nairobi hakukutosha, nikaongeza. Mstari mweupe ukarudi katikati, mshale ukafika 55 kabla sijaukumbuka, na ardhi ikaanguka. Tukapanda juu ya mikoko ya Mikindani kwa kasi ambayo nilidhani ni ya ndege za watu wengine. Nikamgeukia.

"Hii ndiyo uliyokuwa ukiilipia," akasema. "Tazama mbele."