Treni ndogo, picha kubwa: jinsi ya kuficha meza

Kinachoiumbua treni ya modeli kwenye picha mara nyingi siyo treni yenyewe, ni ukungu wa mbele na nyuma, yaani sehemu za picha zilizofifia. Mtu ana kichwa cha treni cha bei mbaya, kila riveti ipo, anakipiga picha inatoka pua tu ndo kali, behewa la pili limeshafifia na stesheni kule nyuma haieleweki, hapo hata mtoto anajua hicho kitu kiko mezani. Macho yamezoea kwamba ukisimama mbali na treni ya kweli unaona kila kitu, kuanzia kokoto mpaka mlima wa kule, ukungu mwingi tunaujua kwenye picha za vitu vidogo vilivyopigwa kwa karibu, mdudu, pete, ua. Ndo maana wapo wanaochukua picha ya mji wa kweli iliyopigwa kutoka juu, wanaufifisha upande wa juu na wa chini, na mji mzima unaonekana wa kuchezea. Sisi tunafanya kinyume chake.

Mi naishi Hamburg na huku ugonjwa wa treni ndogo ni mkubwa, si mnajua pale Speicherstadt, mtaa wa maghala ya zamani, kuna maonyesho ya treni ndogo ya Miniatur Wunderland tangu 2001, skeli ya HO yaani 1:87, kila kitu kimepunguzwa mara 87, taa zao zinabadilisha mchana kuwa usiku kila baada ya kama robo saa. Ila mi ni mtoto wa Tabora, kwa hiyo kwenye kimeza changu hakuna theluji wala milima ya Alps, kuna stesheni ndogo ya Reli ya Kati, udongo mwekundu na miembe. Reli nimetumia ya HOm (HO ya njia ya mita moja), upana milimita 12, inatengenezwa kwa ajili ya treni za Uswisi za kampuni ya Rhaetian ambazo nazo zinatembea kwenye reli ya mita moja kama yetu. Mita moja gawa kwa 87 unapata milimita 11.5, sawa kabisa, na mwenye hamu na TAZARA yake ya milimita 1067 anapata 12.3, kwa hiyo reli hiyohiyo inamtosha, asinunue nyingine.

Sasa kamera. Mtu wa mita 1.70 kwenye HO ana urefu wa sentimita 2 hivi. Kama unataka picha ionekane imepigwa na mtu aliyesimama pale stesheni basi lenzi inatakiwa ikae kwenye hizo sentimita 2, na hapa simu inaishinda kamera kubwa vibaya sana. Kamera kubwa mwili wake tu unagonga meza kabla lenzi haijashuka. Simu nayo ukiisimamisha kawaida lenzi iko juu kama sentimita 14, zidisha mara 87, umeshapanda mita 12 hewani, ghorofa ya nne hiyo, halafu unashangaa kwa nini inaonekana kama umeipiga ukiwa juu ya paa. Igeuze simu kichwa chini miguu juu. Lenzi inakuwa chini kabisa karibu na mataruma, unasogea mpaka katikati ya njia treni ikija usoni kwako, halafu picha unaigeuza baadaye. Na kwa kuwa sensa ya simu ni ndogo na lenzi yake ni fupi, fokasi inashika mbali zaidi bila shida. Ila zima ile potreti mode tafadhali, hiyo kazi yake ni kutengeneza ukungu tunaoukimbia.

Wenye kamera kubwa wanabana tundu la lenzi mpaka f/16 au f/22 (namba ikipanda tundu linapungua na ukungu unapungua), shata inakaa wazi muda mrefu, stendi lazima na taima lazima, na hata hivyo ukifika f/22 picha nzima inaanza kulainika kwa sababu mwanga unapita kwenye tundu dogo mno. Njia safi zaidi ni kupiga picha nyingi bila kugusa kamera, kila moja fokasi imesogea mbele kidogo, halafu programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker inachukua sehemu kali za kila picha na kuziunganisha. Treni isitikisike, na mwambie mtu asipite chumbani maana sakafu za mbao za nyumba za huku zinatingisha meza yote.

Mwanga ndo mimi nagombana na watu. Jua ni moja. Ukipiga chini ya taa za dari mlingoti mmoja unatoa vivuli vitatu, na mchezo umeisha hapo. Zima zote, weka taa moja yenye nguvu, mbali kadiri chumba kinavyoruhusu ili kivuli kiwe kikali, upande wa pili weka kadibodi nyeupe irudishe mwanga kidogo. Lakini taa ikae wapi? Wazungu wengi wanaotengeneza mandhari za Afrika wanaimulika rangi ya machungwa kama jua linazama siku nzima, jamani. Tabora saa sita mchana jua halishuki chini ya nyuzi 61 kutoka upeo mwaka mzima, kivuli cha behewa kinabaki chini ya behewa. Hamburg Disemba saa sita liko nyuzi 13 tu, na hata Juni likiwa juu kabisa linafika 60. Kwa hiyo taa yangu nainua juu sana, na Juni mchana nabeba kipande chote mpaka balkoni, hakuna taa inayolishinda jua lenyewe.

Kuna jamaa wa zamani, John Allen wa Monterey, California, kazi yake ilikuwa upigaji picha na treni zilikuwa mapenzi yake. Alifariki 1973 na muda mfupi baadaye meza yake ya treni ikaungua moto. Watu mpaka leo wanaisoma ile kazi yake kupitia picha alizopiga, milima yake haiishi, hujui chumba kinaishia wapi.

Kwa hiyo ficha ukuta wako pia. Picha ya anga iliyochapishwa, iwe mbali na meza ili kivuli cha treni kisianguke kwenye mawingu (nimeona, inachekesha), na mstari wa upeo ulingane na urefu wa lenzi. Vilima vya mbali vipauke.

Kabla hujabonyeza pitisha brashi laini. Unywele mmoja kwenye reli, ukizidisha 87, ni kamba nene kama penseli imelala njiani. Plastiki inayong'aa ipulizie vanishi isiyong'aa, mabehewa yapake unga wa chaki wa kahawia kuanzia chini kwenda juu maana ndo vumbi linavyopanda. Reli pembeni paka kutu, juu isugue ing'ae, njia inayopitwa na treni kila siku haina kutu juu.

Moshi wa pamba juu ya bomba la treni usiweke. Wa kompyuta nao mara tisa kati ya kumi unaharibu. Kama unataka uhai, acha treni itembee taratibu na shata ikae wazi robo sekunde, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa wa kiskeli inasogea kama sentimita 5, mabehewa yanavutika kidogo na stesheni inabaki kali. Huo ukungu mmoja naukubali.