Unga umekamatwa, wenyewe wako wapi?

Kila manowari ya kigeni inapokamata unga, yaani dawa za kulevya, pwani hii, barazani suali ni hilo hilo. Aprili 2014, HMAS Darwin ya Australia ilisimamisha jahazi yapata maili 27 za baharini mashariki ya Mombasa. Chini ya mifuko ya saruji mlikuwa na magunia 46 ya heroini, kilo 1,032. Mzigo ukaharibiwa huko huko baharini, mabaharia wakaachwa waende zao.

Hapo hakuna rushwa, ni sheria. Maji ya nchi yanaishia maili 12, karibu kilomita 22. Nje ya hapo haramia wa baharini hushitakiwa na nchi yoyote iliyomkamata. Mchukuzi wa unga, hapana. Kifungu cha 17 cha mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 kinataka ridhaa ya nchi yenye bendera ya chombo. Jahazi lisilo na bendera hupekuliwa, lakini aliyepekua akiwa hana sheria ya kwao ya kumshitaki nahodha mgeni, linalobaki ni kumwaga mzigo. Tajiri wa mzigo amepata hasara tu. Atatuma mwengine.

Marekani kwa Baktash na Ibrahim Akasha, ndugu wawili wauza unga wa Mombasa, walikwenda njia nyengine, nami naiona ndiyo yenye maana. Watu wa Marekani walijifanya wanunuzi wa Kolombia, wakarekodi mazungumzo, wakapokea unga mkononi. Baktash na Ibrahim walikamatwa Mombasa Novemba 2014. Kesi ya kuwapeleka ikazoroteshwa zaidi ya miaka miwili, na baadaye wenyewe walikiri kuhonga maofisa. Januari 2017 wakasafirishwa hadi New York: Baktash alipata miaka 25, Ibrahim 23.

Kwetu Unguja na Pemba, jahazi kubwa haliji bandari ya Malindi, Unguja mjini. Hungoja nje, boti ndogo za faiba zikalifuata usiku na kushusha kwenye bandari bubu. Hapo manowari haifiki. Ni kazi ya KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, na ndani ya maili 12 mshitakiwa ni wetu.

Basi msaada ninaoutamani ni wa ushahidi. Pima mbele ya mashahidi na ya mtuhumiwa mwenyewe, tia nambari kila pakiti, funga kwa lakiri, na kila anayepokea atie saini na saa. Uzito ukipungua gramu 40 baina ya mizani ya ufukweni na ya maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali bila ya maelezo ya maandishi, wakili wa utetezi ameshapata pa kuanzia.