Pilau ya vikombe viwili

"Shangazi, mbona hapa mko watatu tu? Sisi tulikuwa wapi?" Mtoto wa kaka kashika picha ya Krismasi ya 2020. Ninyi mlikuwa Luton, sisi Reading, Bibi na mamdogo Leicester, na kwa sababu ya korona haikuruhusiwa kuingia kwa mwenzako.

Mpango wenyewe ulikuwa umekaa vizuri. Serikali ya Uingereza iliruhusu kaya 3 kukaa pamoja kuanzia tarehe 23 hadi 27 Desemba. Bibi aliishi peke yake, na tangu Juni watu kama yeye waliruhusiwa kujiunga na nyumba moja. Akajiunga na ya mamdogo, wakahesabiwa kaya moja. Kwa mamdogo, kwa kaka, kwetu: kaya 3, watu 12. Wanafunzi wa vyuo tulipangiwa kusafiri kati ya tarehe 3 na 9, ili atakayekutwa na korona amalize siku 10 za kujitenga kabla ya sikukuu. Chuoni Sheffield nilipima mara mbili, siku 3 zikipita katikati, kwa sababu virusi vikiwa vichache kipimo kile huvikosa. Kijiti kooni, kisha puani, matone 2 kwenye kipimo, nusu saa ya kungoja. Mstari ukitokea kwenye alama ya C peke yake, kipimo hakijaona virusi. C isipotokea, kipimo kimeharibika, unarudia.

Jumamosi tarehe 19, Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati ule, akatangaza daraja la 4, kali kuliko yote ya masharti ya korona. Kuanzia usiku ule London na sehemu kubwa ya kusini-mashariki, Reading na Luton zikiwemo, hakuna kuchanganyika ndani. Leicester wakabakiwa na tarehe 25 tu, bila sisi. Mama akazima televisheni, akaenda kufungua friza. Kilo 5 za mbuzi.

Siku yenyewe tuliegemeza simu kwenye kopo la chumvi, Bibi akiwa upande wa pili.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mchele mmeloweka?"

Vikombe 2, tangu nusu saa.

"Sufuria niione."

Mama alikuwa ameinjika ile kubwa ya siku zote, ya vikombe 8 vya mchele na 12 vya supu. Bibi akagoma. Kwenye sufuria pana mchele kidogo hutandazika, supu inakauka punje hazijaiva, mnakula kiini. Tukahamia sufuria ndogo. Vitunguu akataka avione kwa karibu. Nikashusha simu hadi mvuke ukaziba kioo, nikakifuta kwa kanga. "Bado. Vikawe kama chai ya rangi iliyokolea, ndipo utie saumu na tangawizi." Bizari, iliki, mdalasini, karafuu. Nyama. Mama akapima supu vikombe 3, robo ya ile 12.

"Ongeza nusu. Moto haujui kugawa."

Pilau ikachambuka. Bibi akatazama sahani zetu zote tatu, moja baada ya nyingine, akauliza nani kapewa ukoko.

Kaka husema barabara zilikuwa tupu, Leicester tungefika ndani ya saa mbili. Bibi alikuwa na miaka 81. Chanjo zilianza kutolewa tarehe 8 Desemba na zamu yake haikuwa imefika, kwa hiyo mimi niko upande wa kubaki nyumbani. Nikimweleza hivyo kaka hakubali, na simlaumu.